Gari la Betri Ukweni

Mdogo wangu Salumu alikuwa dereva wa gari la mikate, na mkewe Tunu alimkimbia kwa sababu ya harufu ya petroli. Msicheke. Tangu mimba ilipoingia, mtoto wa watu akimwona mumewe anatokeza uani, anakimbilia chooni kutapika. Salumu alijisugua kwa sabuni, kwa ndimu, mpaka kwa majivu, wapi! Mwishowe Tunu alifunga nguo zake akarudi Temeke kwa mama yake, na sie huku Kinondoni tukabaki na mwanamume hali halali. Iliniuma. Tunu nilimpenda, ingawa mawifi hatusifiwi kwa kupenda, na majirani walishaanza kuulizana kama talaka imeandikwa.

Ulikuwa wakati wa vita vya pili vya dunia, petroli ikitolewa kwa kibali, tena kiduchu. Tajiri wa Salumu, Mgiriki mwenye tanuri la mikate mjini, akaagiza kwa meli gari la umeme, kuukuu lakini zima. Halikuwa na tangi. Chini ya sakafu lilijaa betri nzito, zikitiwa umeme usiku kucha palepale kwenye tanuri. Siku Salumu alipolileta nyumbani kunionyesha, sikusikia kitu mpaka nilipoiona pua ya gari mlangoni. Halikunguruma, halikutoa moshi. Nilimnusa mdogo wangu shingoni kama ninavyonusa samaki sokoni. Alinuka mikate.

"Da Hamisa," akaniambia, "twende ukweni ukanisemee."

Ijumaa, alipomaliza kugawa mikate, tukatoka. Gozbert, Mhaya aliyeendesha lori la unga la tajiri huyohuyo, alituonya.

"Hilo limetembea tangu alfajiri. Lirudisheni kwanza likatiwe umeme. Mie nikiishiwa natia debe moja naondoka. Nyie mtatia nini, uji?"

Salumu aliutazama mshale wa betri, akasema umeme wa kwenda na kurudi upo. Na ulikuwepo kweli. Nasema hivi kwa sababu mpaka leo watu wanalilaumu gari. Hata mchanga wa Chang'ombe tuliuvuka, polepole, tukafika Temeke salama.

Mama yake Tunu, Bi Mwanabaraka, alitupokea barazani. Salumu alimwamkia shikamoo macho chini, kama impasavyo mtu mbele ya mkwewe, nami nikaeleza kilichotuleta. Bi Mwanabaraka aliomba kofia ya Salumu, akaingia nayo ndani. Mdogo wangu akawa anavunja vidole kimoja kimoja. Mara tukamsikia Tunu anacheka chumbani.

"Mama, inanuka boflo, mkate mtupu!"

Mambo yalikuwa yamekwisha. Lakini Tunu akiwa anafunga nguo, mama yake mdogo akasema naye angependa kupanda, kidogo tu, mpaka msikitini na kurudi. Utamkatalia vipi mama mkwe? Nyuma yake akaja shangazi, kisha bibi na kigoda chake, kisha kila mwenye mvi mtaani akajikumbusha undugu na Bi Mwanabaraka. Nilimkonyeza Salumu, nikamkanyaga mguu.

"Dada, hawa ni wakwe," akaninong'oneza, akafungua mlango kwa mwingine.

Alipokuwa anamrudisha ajuza wa mwisho, gari likalegea, likasimama katikati ya njia. Na Temeke nzima wakati huo huoni waya wa umeme. Wazee walewale waliolifurahia wakalisukuma mpaka uani.

Jirani mmoja alipanda baiskeli kwenda kumwita Gozbert. Alikuja na lori lake akicheka, na kicheko chake kiliniudhi kuliko kama angetutukana. Wakafunga kamba. Kabla ya kuondoka akataka kuongeza petroli, Salumu akamshikia mpira wa kumiminia, debe likamponyoka Gozbert na kummwagikia mdogo wangu kifuani. Mie mwenyewe kichwa kilinigonga kwa harufu ile. Nilitaka kulia.

Salumu akaingia nyuma ya usukani, shati limemganda mwilini. "Da Hamisa, mwambie asitoke. Tuondoke tu."

Tunu alishatoka. Alibeba furushi lake, kanga ameibana puani, akafungua mlango akakaa ubavuni pa mumewe. Hapakuwa na kiti kingine, kwa hiyo mie nikajikunja nyuma, kwenye makombo ya mikate.

Lori likatuvuta, moshi wake wote ukitujia usoni. Kufika Chang'ombe Tunu alikuwa ametoa kichwa dirishani anatapika mpaka nyongo. Gari letu halikuwa na mlio, kwa hiyo nyuma kule nilisikia kila kitu.

"Ngoja nimpigie kelele Gozbert asimame," Salumu alisema. "Tutakurudisha kwa mama. Nanuka, Tunu."

"Unanuka kweli."

"Sasa umenifuata nini?"

Tunu alijifuta mdomo kwa upindo wa kanga.

"Mimba ndiyo iliyokukataa, Salumu. Mie sikukukataa hata siku moja. Shika huo usukani, utatutia mtaroni."