Nje ya Mlango Bibi Hayupo

Kama kuna mtu anayeipenda nchi hii kuliko wenyewe waliozaliwa humu, ni mume wangu, fundi rangi. Timu ya taifa ikicheza, anasimama mbele ya televisheni, mkono kifuani, anaimba wimbo wa taifa mpaka mishipa ya shingo inamtoka. Majirani, wenye nchi yao, wamekaa wanatafuna karanga. Bendera ya sebuleni kwetu ni kubwa kuliko ya shule.

"Baba Chiriku, punguza," nilikuwa namwambia. "Utawatia aibu wenyeji."

"Cheka tu. Mgeni hata akae miaka mia, siku ya ugomvi ataulizwa kwao ni wapi."

Hilo nalijua. Mimi napiga pasi kwa dobi, na wateja wananisifia kazi vizuri tu mpaka nifungue mdomo. Nikishasema mawili matatu, utasikia: "Aa, kumbe wewe si wa hapa!" Wanasema kwa wema, wengine hata wanacheka na mimi, lakini nikirudi nyumbani neno hilo bado linanikereketa.

Mwaka jana mama yangu akatufikia, ana mfuko mmoja tu wa plastiki. Huko kwetu walimchomea nyumba, na kila karatasi yenye jina lake ikaungulia humo. Sasa, sheria ya hapa inamruhusu mgeni mwenye kibali, kama sisi, akae na mzazi wake. Nilitaka tukamwandikishe kesho yake. Mume wangu akakataa katakata.

"Ukimwamsha aliyelala, utalala wewe. Wakianza kumchunguza yeye, watamalizia na sisi."

Basi tukamficha. Mama mzima, aliyenizaa, nikamficha chumba cha nyuma kama gunia la magendo. Akawa analala kitanda kimoja na binti yetu.

Binti yetu tunamwita Chiriku kwa sababu ya mdomo. Huyo mtoto akiamka ameanza, akilala bado anaongea. Alimpenda bibi yake penzi la kupofua. Kila jioni alimchana nywele na kumfunga kilemba upya, huku anamsimulia habari za shule mpaka mama anasinzia. Na huo mdomo ndio uliomtia baba yake homa. Akaanzisha mchezo.

Tukishakula, anamsimamisha Chiriku mlangoni. "Nje ya mlango huu bibi hayupo. Haya, bibi yako yuko wapi?"

"Alikufa zamani."

"Unajua lugha gani nyingine?"

"Sijui. Najua hii hii tu."

Akipatia, anakimbilia chumbani akipiga kelele, "Bibi, nimeshinda!" na mama anafungua pindo la kitenge chake na kumpa peremende. Mtoto alishika upesi, na baba yake akaona haitoshi. Jioni moja akachuchumaa, akalainisha sauti: "Mwanangu, leo mambo yamebadilika. Leo sema kweli tu, hatutakugombeza." Chiriku, masikini, akasema, "Yuko chumbani!" Siku hiyo hakupata peremende. Alilia, wallahi, mpaka kwikwi.

Hakukosea tena. Baba yake akaniingiza na mimi: nimbembeleze, nimwambie sasa si mchezo. Anatikisa kichwa. Siku nyingine baba mtu akapiga magoti akajifanya analia kabisa, na mtoto akamcheka. Mama alikuwa kitandani anatuchungulia, amefurahi mpaka mbavu zinamuuma. Sote tulifurahi. Tulijiona wajanja.

Halafu sukari ikaisha. Mimi nipo kazini, Chiriku yuko shule, mama akaona aibu kukaa bure, akatoka kwenda dukani. Askari wa msako walikuwa pale pale. Walimuuliza kitu, akawajibu kwa lugha yetu.

Tulipofika ofisi ya uhamiaji kesho yake asubuhi, lori la mpakani lilikuwa uani linajazwa watu. Afisa alikuwa mama wa makamo, hakuwa katili, sitamsingizia. Alitazama vibali vyetu, akamtazama mama aliyekaa kwenye benchi, kilemba kimemlegea.

"Akiwa mama yako, nitamwandikisha sasa hivi, atarudi nanyi. Lakini hana hata karatasi moja. Na watu wazima kila siku wananiletea mama wa kukodi." Macho yake yakatua kwa Chiriku. "Mtoto hadanganyi. Nitamuuliza yeye."

Nikamvuta Chiriku pembeni, nikamshika mabega. "Mwanangu, leo sema kweli. Leo si mchezo." Maneno yale yale! Nilikuwa sina mengine.

Chiriku akanitazama, akanikonyeza.

"Unamjua huyu?" afisa akamuuliza.

Nilimwona mtoto ananyoosha mkono kwenye kile kilemba kilicholegea. Kisha akaurudisha, akauficha nyuma ya mgongo.

"Simjui."

"Bibi yako yuko wapi?"

"Alikufa zamani."

"Mwongo!" nikapiga kelele. "Mwambie! Unalala naye kitanda kimoja!" Mume wangu akaanguka magoti kwenye sakafu ile, machozi yanamchuruzika, ya kweli, anamsihi, "Sema, mwanangu, nakuomba, sema." Chiriku akamtazama, akabana midomo asije akacheka.

Tukamweleza afisa habari ya mchezo, tukidakiana maneno. Akatusikiliza mpaka mwisho. "Nimesikia mengi kwenye meza hii," akasema, "lakini hili ni jipya." Akampungia askari.

Mama alikuwa hajui lugha ya hapa, ila mchezo aliujua. Alipoinuliwa hakulia wala hakuniita. Alimtazama Chiriku tu, mkono wake ukapapasa pindo la kitenge. Hakukuwa na kitu, walishamkagua. Nilimng'ang'ania mpaka mlangoni, wakanibandua. Lori likaondoka.

Njiani Chiriku alinyamaza, ananitupia jicho kila saa, kifua amekijaza hewa. Alikuwa anangoja tufike, maana njiani bado ni nje.

Mume wangu akafungua mlango. Tulipoingia tu sote, mtoto akaufunga mwenyewe, akasukuma komeo, akatoka mbio kuelekea chumba cha nyuma.

"Bibi! Bibi! Nimeshinda!"