Umeme wa Siku ya Mgeni Rasmi

Nesi alikuwa akibandika plasta kwenye shavu la mtoto ili kushikilia mpira wa oksijeni, wanaume wanne walipozunguka nyuma ya zahanati na kuanza kufungua nati za jenereta.

"Nani kawatuma?" aliuliza dirishani.

"Mwenyekiti. Tunaazima tu, nesi. Kwa saa moja."

Mwenyekiti mwenyewe, aliyeitwa Makofi kwa kuwa ndiye aliyeyaanzisha katika kila mkutano, alikuja amechomekea shati. Mgeni rasmi yuko njiani, alisema kwa sauti ya chini. Anakuja kuzindua umeme wa mawimbi, na bahari tangu juzi imetulia kama maji ya beseni.

Kweli, lile dude la chuma lililotiwa nanga nje ya miamba, lililotakiwa kupanda na kushuka na mawimbi mpaka nyumba ziwake taa, lilikuwa tuli, ndege wamelikalia. Bahari ikichafuka liliwasha taa. Bahari ikitulia, zahanati ilirudi kwenye jenereta yake. Kabla ya mawimbi watu wa kijiji hiki waliletewa umeme wa upepo, na kabla ya upepo, wa jua. Vyote vilizinduliwa. Vibao vya mawe vipo hadi leo, majina ya wakubwa yamechongwa vizuri, na watu huanikia nguo juu yake.

"Mtoto ana nimonia," alisema nesi. "Mkiondoa hii, mashine ya oksijeni inazima."

"Usinikuzie mambo, mwanangu. Wageni wasipoona taa, mradi unahamishwa. Utawajibu wewe watu?"

Wale wanne wakaibeba jenereta, pamoja na dumu la mwisho la dizeli.

Mama wa mtoto alikuwa mpara samaki. Magamba yalikuwa bado yamemganda mikononi. Alitazama kucha za mwanawe zikigeuka rangi, kisha midomo.

"Mbebe," alisema nesi. "Umeme umehama, na sisi tunahama."

Aliiburuta mashine ya oksijeni mpaka magurudumu yakazama mchangani, akaikumbatia hadi uwanja wa shule, penye sherehe. Chini ya turubai taa ziliwaka mchana kweupe na feni ziliwapepea wageni. Waya ulikuwa umefukiwa mchangani mpaka nyuma ya choo cha shule, jenereta ilikokuwa ikinguruma.

"Bahari haitumi bili," alikuwa akisema mgeni rasmi, na viti vya mbele vikacheka.

Nesi akapita mbele yao, akachomoa plagi ya spika, akachomeka mashine.

Kipaza sauti kikafa.

"Umeme huu ni wa jenereta ya zahanati," alisema nesi. "Iko nyuma ya choo. Mtoto huyu mmemnyang'anya."

Viti vya mbele vilimsikia. Injinia wa mradi akatazama viatu vyake. Kimya kile kingeweza kuzaa kitu, lakini Makofi akapiga makofi.

"Mnaona?" mgeni rasmi alipaza sauti. "Mawimbi yanampa mtoto pumzi."

Wapiga picha wakasogea. Mmoja akamwomba mama ageuze uso wa mtoto kwenye mwanga. Watu wa nyuma, waliokuwa wakiisikia jenereta kwa masikio yao, wakapiga makofi pia, kwa kuogopa kuitwa waliofukuza mradi. Nesi alibaki amepiga magoti. Midomo ya mtoto ilikuwa imerudia rangi yake, na kwa ajili hiyo akanyamaza.

Msafara ulipoondoka, jenereta ikakohoa, ikazima.

"Dizeli?" aliuliza nesi.

"Imekwisha," alisema Makofi. "Feni zile zinakula."

"Na gari la wagonjwa nililoliona hapa?"

"Lile ni la msafara. Itifaki." Akajifuta jasho. "Ila picha zimetoka vizuri. Wamesema wataleta dude la pili."

"Waambie walete na bahari yake."

Injinia alisema huenda kesho upepo ukavuma, bahari ikachafuka.

Mama alimfunga mtoto kifuani, kichwa juu, kama nesi alivyomwelekeza, akauliza hospitali ya wilaya iko njia ipi. Alikuwa pekupeku. Nesi akavua viatu vyake vya kazi, akampa, kisha wakashika barabara iliyojaa vumbi la magari. Nesi alitembea kandoni mwake, kiganja mgongoni mwa mtoto, akihesabu pumzi, na kila baada ya hatua chache akimwambia mama asimame kidogo ili amsikilize mtoto tena.