Mashua Iliyobeba Paa

Desmond Tilyard wa Cygnet, huko Tasmania, alijiona fundi. Kujiona hakutozwi kodi. Alipostaafu alimwahidi mkewe Rhonda kwamba ataunda mashua ya mbao gerejini, wavuke wawili hadi kisiwa cha Bruny kwa dada wa Rhonda. Rhonda akatoa gari nje, akangoja. Wakati ule goti lake moja ndilo lilikuwa bovu. Sasa ni yote mawili. Akiuliza, hujibiwa kuwa haraka haina baraka.

Wanaounda mashua majumbani huko hukaza kiunzi, yaani mifupa ya mashua, kwa miti inayosimama juu yake hadi darini, kisicheze. Desmond naye alikaza. Kisha nguzo ya katikati ya gereji ikawa inamgonga bega kila akipita, akaikata. Paa halikuanguka, akajisifu sana. Kwa nini halikuanguka, hakujiuliza.

Ubao wa mwisho ukipigiliwa, desturi ni wiski: tone kwa ubao, chupa kwa majirani. Siku hiyo ilipofika, jirani Merv, mwenye shamba la tufaha, akatazama juu, glasi mkononi.

"Des, ndugu yangu, paa lako limeshikwa na nini?"

"Kuta."

"Kuta wapi! Limekaa juu ya mashua. Itoe uone gereji itakavyolala chini."

Wakacheka mpaka wiski ikawapalia. Desmond aliwashinda wote kwa kucheka, maana moyoni alifurahi, na furaha hiyo ikamwaibisha. Hakuwa amewahi kupata kisingizio kizuri namna ile.

Wageni walipoondoka akakohoa kidogo. "Mke wangu, itabidi nijenge nguzo kwanza. Labda kiangazi kijacho."

"Kiangazi kilichopita ilikuwa rangi. Kabla ya hapo, misumari ya shaba." Rhonda alikuwa akikusanya glasi. "Des, unaogopa itazama?"

Akataka kutaja unyevu wa mbao. Akashindwa.

"Naogopa. Na wewe ukiwa ndani."

"Hilo ungeniambia tangu zamani, ningekuelewa. Mimi nikidhani hutaki kwenda na mimi."

Desmond akaona haya kuliko alivyoona mbele ya wanaume wote wale.

"Kesho Merv ataivuta kwa trekta," Rhonda akasema. "Sisi tutasimama mbali."

"Na paa?"

"Litaanguka. Tukirudi kutoka Bruny tutaliokota."

"Tusiporudi?"

"Tusiporudi, paa la nini?"