Dumu la Nne

Asubuhi hiyo Bi Sindano alikuwa amebakiza ghorofa ya chini tu kutoboa ubavu wa kushoto wa meli, ndipo mumewe, marehemu fundi rangi, alipofungua dirisha la ghorofa ya tatu akatoa kichwa nje. Kichwa chenyewe kilikuwa kama punje ya mtama. Bi Sindano alizima drili ili vumbi lisimwingie machoni, akangoja amalize kuvuta hewa, kisha akaendelea na kazi.

Meli hiyo ya mfano, ya kusafiri nyotani, ilikuwa ya tatu tangu tamthilia ya televisheni ianze. Ile ya kwanza iliundwa na huyo huyo mumewe kwa dumu la plastiki la maji. Aliliondoa mshikio, akalibandika maganda ya kalamu zilizokwisha wino, akalipulizia rangi ya fedha. Mafundi wakawa wanaitana, "Leta dumu," "Shika dumu lisidondoke." Mtunzi wa tamthilia alipita, akasikia, akafurahi mno. "Dumu! Yaani idumu milele. Jina jema hung'ara gizani." Mwenye nguvu mpishe, hakuna aliyemsahihisha. Mwisho wa msimu Dumu ililipuliwa, maana watazamaji hupenda moto, na iliyofuata ikarithi jina. Ofisini waliandika Dumu ya Pili. Karakanani waliendelea kusema Dumu la Pili.

Kila meli ilitakiwa ionekane kubwa kuliko iliyotangulia, lakini meza ya karakana ilikuwa ile ile. Kwa hiyo meli haikukua, ila madirisha yalipungua ukubwa. Madirisha ya la Pili yaliweza kupitisha punje ya mahindi. Ya la Tatu yalitaka ncha nyembamba na mkono usiotetemeka, na hapo ndipo Bi Sindano alipopata jina lake.

Mumewe alikufa wakati wa kupaka la Pili. Dirisha la karakana lilikuwa limepigwa misumari kwa amri ya mwongozaji, upepo usije ukaleta vumbi kwenye rangi mbichi, naye alipuliza rangi humo ndani mpaka kifua kikamgomea. Walimzika, na wiki ile ile akaonekana melini pamoja na mzee wa gundi wa karakanani, aliyemtangulia kufa. Mchana kutwa walifungua madirisha na kuchungulia nje, midomo wazi. La Pili lilipolipuliwa wakahamia la Tatu, wakiwa wamepungua kimo kulingana na vipimo.

"Shemeji, leo kaka kavaa lile shati la bluu," alisema fundi wa taa.

"Nimemwona."

"Mbona hakuangalii?"

"Hata alipokuwa hai, akishaanza kutafuta hewa hakuwa na nafasi ya mtu."

Msimu wa tatu ulipokaribia kwisha watazamaji walilalamika. Hawakuuliza wale ni akina nani. Waliuliza inakuwaje watu wafungue madirisha nyotani, mahali pasipo na hewa. Ofisini wakaitisha kikao, na asiyekuwapo na lake halipo: ikaamuliwa Dumu la Nne liwe halina dirisha hata moja.

Bi Sindano alimfuata mwongozaji. Hakuwa mtu mbaya, alimpa kiti.

"Mwanangu, niachie moja tu. Hata kwa nyuma, kamera isikofika."

"Mama, hii ya Nne ni meli ya kivita. Meli ya kivita haina madirisha." Alimwonea huruma. "Ila kazi yako ipo. Utapaka rangi."

La Tatu lililipuliwa mbele yake. Alitaka kulia, akatafuta pa kuanzia, akapakosa. Akaenda kuvaa aproni ya mumewe.

Dumu la Nne lilitoka laini, limezibwa kote. Alipokuwa akipuliza tabaka la pili la rangi, kikohozi kilianza ndani ya meli, kizito, cha mtu anayekifahamu kifua chake. Fundi sauti alikuwa amehangaika muda mrefu kutafuta mlio wa injini. Alitega sikio tumboni mwa meli, akatabasamu, akaleta kipaza sauti. Msimu ulipoanza watu waliusifu mlio ule kuliko hadithi yenyewe.

Nyumbani, binti wa Bi Sindano aliusikia mlio ule, akaacha kula akatazama televisheni.

"Mama, huyo si baba?"

"Ndiye. Hebu ongeza sauti."

Kazi ya meli ya tano ilianza kabla ya mvua. Chumba kilijaa ukungu wa rangi ya fedha, na Bi Sindano, ambaye tangu asubuhi kifua kilikuwa kikimbana, akainama akakohoa. Fundi sauti, aliyekuwa akikunja nyaya zake mlangoni, akainua kichwa.

"Mama, hebu rudia."

"Nini?"

"Hicho kikohozi. Safari hii wanataka injini mbili, ile ya zamani na nyingine."

Bi Sindano aliweka bomba la rangi chini, akajifuta mdomo kwa kiganja.

"Hizo mbili zitakaa karibu?"

"Bega kwa bega."

Akakisogelea kipaza sauti, akakohoa.