Magauni ya Wafanyakazi wa Kwanza

Fundi alikuwa amesimama kwenye kaunta ya duka la vitambaa, kiberiti mkononi. Alichomoa uzi mmoja kwenye jora la kwanza, akauwasha, ukajikunja na kuwa kishanga cheusi kigumu. Poliesta. Akachoma uzi wa jora la pili, nao ukajikunja vilevile. Mwenye duka alimsogezea kisahani cha majivu na kumwomba asimteketezee biashara.

"Dada yangu, wenzako wananunua kwa macho," alisema. "Wewe unanunua kwa pua."

"Nataka pamba. Pamba ikiungua inanuka karatasi, siyo mfuko wa plastiki."

Alihitaji kitambaa cha magauni kumi na mawili ya kazi. Kiwanda cha nguo kilikuwa kinatimiza miaka sabini, na wakubwa wake walitaka maonyesho ya jukwaani, waigizaji wakivaa kama walivyovaa wafanyakazi wa kwanza. Katibu wa sherehe, kijana mwenye simu mbili na subira ya kuazima, alikuwa amependekeza poliesta ya kung'aa na zipu mgongoni. Nani ataona kutoka kwenye viti? Fundi alikataa. Gauni la enzi zile lilikuwa la marekani, ile pamba nzito isiyotiwa rangi, lenye kola ya duara, vifungo vya mbao na mfuko mmoja wa kutilia mkasi mdogo. Aliyajua hayo kwa sababu mama yake alilivaa.

Mama yake, ambaye nyumbani wote humwita Bibi, aliingia kiwandani akiwa na miaka minane. Jambo hilo halimo katika historia ya kiwanda. Bibi amekuwa akienda ofisini kwao tangu nywele zake zikiwa nyeusi, akiomba kitu kimoja tu, waseme kwamba walikuwa watoto. Kila mara wamemkaribisha kiti, wakampa maji ya baridi, wakamwambia kuwa kiwanda hakijawahi kuajiri mtoto na kuwa wazee hupiga chuku. Ushahidi wao ni picha kubwa iliyotundikwa mapokezi. Wafanyakazi kumi na wawili wamesimama nyuma ya mashine, wote warefu, wote wanaonekana watu wazima. Mashine zimeficha miguu. Bibi anasema walisimamishwa juu ya masanduku ya sabuni, na anasema kweli, na wale wanaomnywesha maji ya baridi wanajua kwamba anasema kweli.

Kwa sababu hiyo Fundi aliikubali kazi. Katibu alikuwa ameahidi, kwa ulimi mwepesi wa watu wa ahadi, kwamba mwisho wa maonyesho Bibi atapewa nafasi ya kusema.

Mwenye duka aliingia stoo akatoka na jora lililofungwa kwa magazeti ya zamani. Lilikuwa na muhuri wa kiwanda chenyewe.

"Hili aliliacha marehemu baba. Lakini nikwambie mapema, likifuliwa linarudi sana."

"Marekani yote hurudi. Nitailoweka kwanza."

"Hili linarudi kwa vipimo vyake," mwenye duka alisema, akampa risiti.

Fundi aliloweka, akaanika, akapiga pasi, ndipo akakata. Alishona kwa uzi wa pamba, kwa vipimo vya waigizaji, wanawake wenye mabega na nyonga zao. Alipomaliza aliyatundika yote kwenye kamba sebuleni, na asubuhi yalikuwa yamenywea. Yale marefu zaidi yalifika kwenye kiuno cha Fundi. Mshono haukujikunja, kola hazikupinda, hata matundu ya vifungo yalikuwa yamepungua kwa adabu pamoja na vifungo vyake. Gauni moja mkono wake wa kulia uliishia kwenye kiwiko, na hapo ulikuwa umepindwa vizuri kuliko Fundi mwenyewe angeweza kuupinda.

Fundi alichukua futi akapima, kisha akarudia kushona kwa kitambaa kilichobaki. Nayo yakanywea. Alishona moja kwa poliesta ili kujaribu, na hilo lilibaki vilevile, kubwa na lenye kung'aa, halina la kusema.

Bibi alikuja na kikombe chake cha chai, akapita kwenye kamba akiyagusa magauni moja moja.

"Huyu ni Domo, alikuwa haishi kuimba," alisema. "Huyu ni Kijiti. Huyu wa mkono mfupi mashine ilimla mkono, siku ya pili wakaleta mwingine mahali pake." Alifika kwenye la tano akasimama. "Huyu mimi."

Bintiye Fundi, aliyeitwa Kijino kwa sababu ya pengo lake la mbele, alilivaa gauni la Bibi kabla hajakatazwa. Lilimkaa kama limepimwa juu ya mwili wake. Alitia mkono mfukoni akauliza mkasi uko wapi.

"Nilirudisha," Bibi alisema. "Walikuwa wanatupekua mlangoni."

Fundi aliyafunga magauni yote ndani ya shuka akayapeleka ofisini, Bibi akiwa pembeni yake. Katibu aliyaona akasema yapo mavazi ya poliesta ya kukodi. Mkurugenzi alitoka ofisini mwake, akageuza pindo moja, akasifu mshono. Hakuuliza kwa nini ni madogo. Mtu anayejua jibu haulizi.

"Lakini ni mazuri, na kitambaa ni chetu," alisema. "Kama nguo hazienei waigizaji, badilisheni waigizaji. Shule si ipo hapo ng'ambo ya barabara?"

Fundi alirudi nyumbani moyo umetua. Alidhani wamejifunga wenyewe. Watoto wangesimama jukwaani na magauni ya watoto, na mji mzima ungeona, na Bibi angesema neno lake mbele ya watu wenye macho.

Mwalimu mkuu alitoa wasichana kumi na wawili bila kuuliza, maana madawati ya shule yalikuwa zawadi ya kiwanda. Kijino alikuwa mmojawao. Siku ya mazoezi Fundi alimkuta seremala akishusha masanduku ya mbao, akiyapanga nyuma ya mashine za maonyesho.

"Haya ya nini?" alimuuliza Katibu.

"Wafanane na ile picha, Fundi. Si wewe unayetaka kila kitu kiwe cha kihistoria?"

Aliyasema hayo bila kebehi. Alikuwa na haraka, simu zote mbili zilikuwa zinaita. Fundi alitamani kumsokomeza masanduku yote kooni. Badala yake alipiga magoti akashikiza pindo la gauni la mwanawe, kwa sababu pindo lilikuwa limefumuka na mtoto angejikwaa.

Watoto walisimama juu ya masanduku tangu asubuhi, wakisubiri mtu wa taa. Bibi, aliyekuja kutazama, aliwafundisha kuegemeza nyonga kwenye mashine na kulala wakiwa wamesimama. Walifahamu upesi. Kwa msichana aliyevaa gauni la mkono mfupi, Katibu aliagiza uongezwe mkono wa poliesta. Fundi aliuongeza. Kila ulipotiwa ulidondoka sakafuni, uzi ukiwa mzima, mpaka Katibu akachoka akamwambia msichana aufiche mkono wake nyuma.

Siku ya sherehe ukumbi ulijaa. Wasichana walikuwa wamefungwa vilemba na kupakwa rangi ya midomo. Kutoka kwenye viti walionekana wanawake wazima, warefu, wenye afya, wanaopenda kazi yao. Mkurugenzi alisimama mbele yao akasema kwamba kiwanda hiki, tangu siku ya kwanza, hakijawahi kuajiri mtoto. Wasichana walipiga makofi kama walivyoelekezwa, isipokuwa mmoja, ambaye mkono wake ulikuwa nyuma.

Katibu aliangalia saa, akageuza ukurasa wa ratiba. Nafasi ya Bibi ilikuwa imepewa wimbo. Ndipo Bibi akasimama katika safu ya tatu, bila kipaza sauti.

"Nilikuwa na miaka minane," alisema. "Wote tulikuwa watoto. Watazameni miguu!"

Kijino alilisukuma sanduku lake kando ya mashine, akapanda tena, akakunja gauni akaonyesha miguu yake, na sanduku likaonekana wazi mbele ya watu wote.

Kisha watu wakapiga makofi. Walipiga kwa nguvu, wengine walisimama, mama mmoja alifuta machozi. Katibu alinyakua kipaza sauti.

"Hongera kwa bibi yetu, ameigiza vizuri sana!" alisema, na bendi ikaanza.

Miguu ya Kijino iliuma kwa siku kadhaa. Bibi aliikanda kwa maji ya moto. Nyumbani kulikuwa na hasira ambayo haikupata pa kukaa. Fundi aliipeleka kwenye cherehani, akavunja sindano.

Magauni sasa yako mapokezi, chini ya ile picha, ndani ya kabati la vioo. Asubuhi nyingine mfagiaji huyakuta yamelowa makwapani, hufuta kioo cha kabati na kuendelea na kazi. Mbele ya kabati kuna kibao kidogo cha shaba. Fundi alimpeleka Bibi kukiona, na Kijino akaenda nao.

Bibi hajui kusoma. Miaka ya kusoma aliimalizia kwenye mashine.

"Nisomee, mjukuu wangu."

Kijino alisogea karibu. "Magauni ya wafanyakazi wa kwanza, watu wazima," alisoma. "Yamerudi kwa kufuliwa."

Bibi aliweka kiganja kwenye kioo, usawa wa gauni la tano. Mlinzi alimwomba kwa heshima asiguse.

"Soma tena," Bibi alisema.

Mtoto alisoma tena, polepole, akifuata kila neno kwa kidole, na maneno yalikuwa yale yale.