Kiota katika Malisho ya Durk

Gerbrich aliruka mtaro kwa upondo wake mrefu, akatua kwenye majani ya magotini. Vijiti viwili alivyochomeka jana kando ya kiota, ili mfyekaji akikwepe, vilikuwa vimelala chini, kimoja huku, kingine kule. Ndama wameingia usiku, wamejikuna, wameving'oa. Mahali fulani humu, skries, ndege wa kifua rangi ya kutu, alikuwa akiatamia mayai manne, na trekta la Durk lilikwisha kufyeka nusu ya malisho.

Akasimama mbele ya trekta.

"Toka, shemeji!" Durk alipaza sauti. "Mashine haijui undugu!"

"Nipe saa moja nikitafute upya."

"Lione lile wingu la mvua! Si uliniambia hata kipofu atakiona kiota?"

"Jana ndama wako walikuwa na adabu."

Durk akacheka, akazima injini. "Dakika ishirini. Baada ya hapo, omba mayai yawe ya mawe."

Gerbrich akatembea, maana hapa Friesland, Uholanzi, kiota hutafutwa kwa miguu. Anayekitafuta kwa magurudumu huchekwa hadi kanisani. Lakini kila alikokwenda skries aliruka juu yake akilia, asitue. Dakika kumi na tano zikayeyuka. Ndipo akakumbuka: injini ilipokuwa ikinguruma, angani hapakuwa na ndege hata mmoja. Skries haogopi trekta. Anamwogopa yeye.

Akautupa upondo, akapanda trektani.

"Mtafuta viota ndani ya trekta!" Durk alipiga paja. "Kijiji kikisikia!"

"Kitangazie mwenyewe. Washa, polepole, na visu viwe juu."

Hawakufika mbali. Skries akashuka, akasimama, akanyata hatua kumi ndani ya majani, akatoweka.

"Pale, kushoto kwa ua la njano."

"Mimi naona majani tu."

"Ndiyo maana wewe unafuga ng'ombe." Akainama, akazima injini. "Uniachie hatua hamsini kila upande bila kufyeka."

"Hamsini! Kiota ni kama sahani. Chukua kumi."

"Na vifaranga wakianguliwa wale nini, maneno yako? Wadudu wao wamo kwenye majani haya marefu yenye maua. Kwingine kote umepanda zulia la nyasi tupu. Hamsini."

Tone la kwanza likagonga kioo. Durk akapeleka mkono kwenye ufunguo, haukuwepo. Gerbrich alikuwa ameufumbata kiganjani, macho mbele, kama abiria aliyelipa nauli.

"Hamsini," Durk akasema akisaga meno. "Lete ufunguo, mwanamke we!"