Nyuma ya Sikio

“Hebu niache kidogo,” mteja alisema, akakichomoa kichwa chake mikononi mwa msusi kabla msuko haujafungwa. Simu yake ilikuwa imelia mlio ambao hawakuwahi kuusikia, mkali, usiokoma. Akasoma kwa sauti: “Tahadhari. Bwawa la juu limejaa, milango inafunguliwa. Wakazi wa bondeni, pandeni shuleni sasa hivi.”

Msusi alicheka. “Matapeli hao. Ujumbe ukikukimbiza, ujue ni wa mwizi. Si tulifundishwa pale ofisi ya mtaa?”

“Tulifundishwa,” mteja alisema, naye hakucheka. “Ila wewe uliondoka wakati wa chai, ukamwahi bibi harusi wako wa kumsuka. Baada ya chai ndipo walipotuonyesha namba hii ya tahadhari. Wakasema mwizi lazima akuombe kitu, hela au namba ya siri. Huyu haombi kitu. Anasema watu wahame tu.”

Kitana kilimdondoka msusi. Mama yake alikaa bondeni, nyumba ya mwisho kabla ya mto, na mvua ilikuwa haijapumzika tangu juzi.

Jioni ya mafunzo yale alikuwa ameshuka kwa mama yake kumgawia elimu aliyoipata, akiwa na kiburi cha mtu aliyetoka darasani. Usibonyeze chochote, alimwambia. Wakilijua jina lako usishangae. Wakiiga sauti yangu, maana siku hizi wanaweza, kata, kisha ifungie ile namba isikupate tena. Mama alikuwa mwanafunzi mzuri kupita kiasi. Wiki hiyo hiyo alimfungia fundi bomba, mpwa wake, na katibu wa kikundi chao cha wanawake. Walicheka hadi wakashika mbavu.

Sasa msusi aliichukua simu yake. Umeme ulikatika asubuhi na simu yake ilikuwa imezima, pamoja na namba za majirani wote wa bondeni. Namba ya mama peke yake ndiyo aliyoijua kwa kichwa. Akaomba simu ya mteja, akapiga.

“Mama, ni mimi.”

“Wewe nani?”

“Mwanao, mama. Sikiliza, maji—”

“Mwanangu namba yake naijua. Hamna haya nyie watu. Hata mafua yake mmeyaiga.”

Simu ikakatwa. Alipopiga tena haikuita hata mara moja, na msusi akajua kwamba kashafungiwa, tena upesi na kwa usahihi, kama alivyofundisha mwenyewe.

Alikimbilia mlangoni. Kwa miguu asingeyawahi maji, na nje hapakuwa na pikipiki hata moja, madereva wote walikuwa wamejibanza mahali kukwepa mvua. Kwenye benchi alikuwepo mama mmoja aliyekuwa akisubiri zamu yake. Akamnyooshea simu bila kuombwa.

“Lakini fikiri kwanza, dada,” alisema. “Akiifungia na hii, humu ndani hatuna nyingine.”

Msusi aliishika simu asiibonyeze. Aseme nini, kwa pumzi moja, ambacho mwizi hawezi kukijua? Jina la mama watu wengi walilijua. La marehemu baba pia, na la kijiji walikotoka. Macho yake yakatua kwenye kichwa cha mteja, upande mmoja umesukwa, upande mmoja umetimka, na ngozi ikionekana nyuma ya sikio. Akapiga.

“Mama, usikate. Nyuma ya sikio lako la kushoto kuna kovu la uji wa moto. Hapaoti nywele. Kila nikikusuka nalaza msuko wa pili juu yake, na wewe unaniambia nikaze hata kama inauma.”

Simu haikukatwa. Kovu lile mama alilificha chini ya kitambaa maisha yake yote. Hata dada zake hawakuwahi kuliona.

“Nani kakuambia hayo?” Sauti ilikuwa imekuwa ndogo.

“Sijaambiwa, mama. Nimepashika.”

“Mwanangu. Kuna nini?”

“Maji ya bwawa yanakuja. Panda shuleni sasa hivi. Acha kila kitu.”

“Na nguo zangu kwenye kamba?”

“Ziache, mama, nakuomba.”

Mtandao ukakatika. Msusi alipiga tena na tena, hola. Akatoka hadi barazani, mteja naye akamfuata na nywele zake za nusu, wakasimama wakiangalia barabara itokayo bondeni. Watu walikuwa wakipanda, wamejifunika mifuko ya plastiki na mabeseni. Yeye aliyezoea kuwatambua watu kwa visogo hakumtambua hata mmoja. Kutoka chini ukasikika mngurumo mzito, na haukuwa wa radi.

Simu ikalia mkononi mwake. Ilikuwa namba ya mama.

“Mama? Uko wapi?”

Alisikia mvua, na watu wakiitana, na miguu ikikanyaga maji.

“Mama?”

“Usinisemeshe,” mama alisema, akihema. “Napanda.”

Msusi akaibana simu sikioni kwa mikono miwili, akawa anazisikiliza zile pumzi, moja baada ya nyingine.